Kamba Haiuzwi

Gari langu la kwanza nililinunua jinsi mama yangu anavyonunua ng'ombe, na nilipinga jambo hilo mpaka nikaishiwa na maneno. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Bungoma. Nilikuwa na simu, na ndani ya simu nilikuwa na orodha ya mambo ishirini na mawili ya kukagua kabla ya kununua gari lililotumika. Mama ana masomo ya darasa la saba na ng'ombe wanne. Nikaona ni dhahiri nani kati yetu angeongoza safari hiyo.

Mimi ni mbishi, sikatai. Mama husema nilitoka tumboni nikiuliza kwa nini nimetolewa. Lakini Januari ile ubishi wangu ulikuwa na sababu. Karo yangu ilitoka kwenye mayai. Nyumbani kwetu Endebess tulikuwa na kuku wa kutaga nyuma ya zizi, na kila wiki nilipeleka mayai Bungoma kwa shule mbili za bweni na hoteli moja. Niliyatuma kwa magari ya watu. Yalifika yamechelewa, au yamevunjika, au yote mawili. Mpishi mkuu wa shule moja, mama mpana asiyejua kunong'ona, aliniita kando ya jiko lake.

"Msichana, mimi nimechoka. Watoto wananiuliza mayai, nawaambia yako njiani. Ikifika mwisho wa Februari na hujapata njia ya kuleta mwenyewe, asubuhi na mapema, mimi natafuta mtu mwingine."

Wateja wale wengine wawili walisema vivyo hivyo kwa sauti ya chini. Nami nilikuwa tayari nimeahirisha masomo mara mbili kwa kukosa karo. Barua ya mara ya pili ilieleza kwa upole kwamba hakuna ya tatu. Nikishindwa kulipa tena, nafasi yangu chuoni imekwisha. Kwa hivyo sikutaka gari la kujionyesha. Nilitaka gari la kubeba mayai, na nikilikosa ningerudi Endebess kukaa, na nusu ya digrii ambayo haifai hata kufungia mandazi.

Akiba yangu ya miaka miwili haikutosha. Mama akauza mtamba. Alikuwa binti wa ng'ombe wake bora, mwenye mimba, amebakiza miezi miwili azae. Mnunuzi alitoka Kachibora na kamba yake mkononi, kama desturi inavyotaka. Kwetu ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Ukiiacha kamba iende, bahati ya zizi nayo huifuata. Ndivyo wanavyosema wazee wetu waliohamia huku kutoka Mkoa wa Kati, na ndivyo wanavyosema majirani zetu pia, ambao hatukubaliani nao juu ya mambo mengi. Mama alimfungua mtamba kamba yake, akaikunja, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Alipika chai akaisahau motoni mpaka ikafurika na kuzima moto.

"Huyu mtamba asipotelee kwa madalali," aliniambia akinikabidhi pesa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina orodha.

Yadi ya kwanza niliyoingia mjini Kitale ilikuwa na magari kumi na moja, na kwa maelezo ya dalali, tisa kati yake, kila moja lilikuwa la mama mwalimu aliyekuwa akiliendesha kwenda kanisani tu. Sijui walimu hao walifundisha saa ngapi. Dalali mwenyewe alikuwa kijana wa miwani ya jua na viatu vilivyochongoka.

"Niaje, madam. Unataka rangi gani?"

"Nataka injini."

"Injini iko, bana. Lakini si pia unataka rangi?"

Alinionyesha gari dogo jekundu. Liling'aa. Viti vilikuwa bado vimefunikwa nailoni, na injini ilikuwa imeoshwa ikawa safi kuliko sufuria zangu. Lilikuwa ndani ya uwezo wangu, na hata pesa kidogo ya bima ingebaki. Nilitoa simu nikaanza na jambo la kwanza kwenye orodha, nikaenda la pili, la tatu, nikiandika alama, dalali akinifuata nyuma huku akisema "sawa kabisa" kabla hata sijauliza. Jambo la kumi na moja lilisema ulete fundi wako. Nilivuka barabara nikamtoa fundi kwenye gereji ya mkabala, nikamlipa. Akafungua boneti, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa heshima kama aliyesikia kwaya nzuri.

"Siste, hii ni safi. Hii hata mimi ningekuwa na pesa ningebeba."

Tukakubaliana nirudi kesho saa sita mchana na pesa. Nilimpigia mama simu jioni, nikijua nimeshinda.

"Ulilikuta limelala?" akauliza.

"Mama, magari hayalali."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Basi hujaliona."

Nilijua anakotoka. Mtu akitaka kukuuzia ng'ombe asiye na maziwa, jioni hamkamui. Asubuhi kiwele kimejaa, unakiona mnadani unadhani umepata hazina, kumbe ni maziwa ya tangu jana. Kwa hivyo mama hanunui ng'ombe mnadani. Anakwenda nyumbani kwa mwenye ng'ombe alfajiri, siku ambayo hajasema atakuja, amwone akiinuka, aone alipolala, aone kama pamelowa damu au usaha au mharo. Nimemsikia akieleza hayo tangu nikiwa mtoto. Nikamwambia kwamba gari halina kiwele. Akasema sawa, kazi ni yangu, akakata simu.

Sawa ya mama yangu ni mbaya kuliko matusi. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa langoni mwa yadi, nimejifunga leso kichwani kwa baridi ya Kitale, nimejikasirikia.

Askari wa mlangoni alinifungulia akidhani nimekuja kufagia. Gari jekundu lilikuwa na boneti wazi. Gari jingine lilikuwa limesogezwa pua kwa pua nalo, nyaya za betri zimepita katikati, na dalali, bila miwani, alikuwa akikanyaga mafuta na kutukana. Moshi wa buluu ulitanda mpaka ukutani. Chini ya injini palikuwa na vumbi la mbao, limemwagwa vizuri, limesawazishwa. Nilipangusa kwa kiatu. Ardhi ya chini ilikuwa nyeusi na inanata.

"Hiyo ni ya gari ingine ilikuwa hapo jana," dalali alisema.

"Sawa. Tulisukume pale kwenye simiti, ningoje."

"Ungoje nini?"

"Nione kama jana imekwisha."

Tulilisukuma, mimi, yeye na askari. Nilinunua chai kwenye kibanda cha jirani nikakaa juu ya tairi kuukuu nikilitazama. Tone la kwanza lilianguka kabla sijamaliza kikombe. Nililihesabu. La pili. La tatu. Dalali alikuja mara mbili kuniuliza kama nanunua gari au nanunua ploti pale. Baada ya saa moja doa lilikuwa pana kama sahani, na ndipo nikamwona fundi wangu, yule niliyemlipa, akiwa kibandani na dalali wanagawana chapati. Hakuniangalia usoni.

Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia kwa dakika tano. Haikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Pesa zilikuwa tayari, mapatano yalikuwa yamekwisha, na kilichookoa mtamba wa mama ni neno moja ambalo nililicheka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilijifunza methali hiyo darasa la tano na kuipatia alama zote, kisha nikasahau kuitumia. Nilipojipangusa uso niliamua mambo mawili: ningepata gari kabla ya mwisho wa Februari, na ningelikuta limelala.

Tangu siku hiyo mama alijiteua mwenyekiti wa kamati ya ununuzi. Sikufurahi. Alikataa gari jeusi kwa sababu linavuta radi. Alikataa jeupe kwa sababu ya vumbi la Endebess. Alikataa moja zuri kabisa kwa kuwa mwenye kuliuza alikula karanga muda wote bila kutukaribisha. Nilimkumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma, naye akanijibu kwamba kwetu hakuna nazi. Wiki tatu ziliisha hivyo. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja, nikipiga magoti kwenye nyua za watu na tochi ya simu, nikinusa udongo. Niliyaona matone ya kila aina: meusi ya oili, mekundu ya gia, ya kijani kutoka kwenye rejeta. Nikaanza kuyajua kwa harufu. Na mpishi mkuu alikuwa akiniuliza kila Jumatatu, mbele ya wanafunzi, imebaki siku ngapi.

Tangazo lililonisaidia lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyuma ya karatasi ya kalenda, limebandikwa kwenye duka la dawa za mifugo Bungoma. Lilisema gari linauzwa na mwenyewe, madalali wasijisumbue. Nilimpigia. Alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya serikali, akikaa na mkewe viungani mwa mji. Alisema nije Jumamosi mchana. Mama alikuja Bungoma Alhamisi, akalala chumbani kwangu, na Ijumaa jua halijachomoza tukabisha hodi.

Mzee alitoka na koti juu ya nguo za kulalia, akatusalimu kwa lafudhi ya kwao.

"Mulembe. Lakini si nilisema Jumamosi?"

"Jumamosi tungemkuta ameshanyweshwa maji," mama alisema, akampa trei ya mayai. Mtu haendi kwa watu alfajiri mikono mitupu.

Mzee alimtazama mama, akatazama mayai, akaanza kucheka polepole. "Huyu anajua ng'ombe," alimwambia mkewe, aliyekuwa ndani ya zizi akikamua. "Kalibuni. Gali iko pale, bado imelala."

Lilikuwa limelala kweli, ndani ya banda la mabati lililotenganishwa na zizi kwa ubao mmoja. Ni stesheni wagoni iliyowahi kuwa ya kijivu. Sasa ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mlango wa nyuma ulikuwa na bonde ambapo fahali alilipiga. Viti vimevikwa kitambaa cha pazia chenye maua. Sikulipenda hata kidogo. Nikapiga magoti na tochi yangu.

Chini ya injini kulikuwa na kuku. Alikuwa amejichimbia shimo katika udongo, anajirushia vumbi mabawani, macho kayafumba kwa raha. Nimefuga kuku tangu utotoni. Kuku haogi vumbi mahali palipo na oili, na shimo lile lilikuwa la miezi. Niliingiza mkono, nikashika udongo, ukapukutika mkavu vidoleni. Nilikaa pale chini kwa muda nikijizuia kucheka, maana uso ukionyesha furaha bei hupanda.

Mzee aliliwasha likiwa baridi. Lilikohoa mara moja, likanguruma. Kisha akaanza kuliumbua mwenyewe.

"Dilisha ya nyuma haifunguki. Ledio ilikufa. Mvua ikinyesha, maji inaingia kwa miguu ya kushoto. Lakini balabalani haijanilaza."

Nililiendesha kwenda na kurudi kwenye lami, kisha kwenye vumbi. Nililipeleka kwa fundi wa upande wa pili wa mji, asiyemjua mzee wala kunijua mimi, akasema shoki za nyuma zimekufa na mengine ni uzee tu. Nilipekua umiliki mtandaoni, jina likalingana na kitambulisho cha mzee. Nilimaliza orodha yangu yote, ndiyo, mambo ishirini na mawili, isipokuwa moja. Tuliporudi mama na mke wa mzee walikuwa wamekaa jikoni wakizungumzia ugonjwa wa kiwele kana kwamba walisoma pamoja. Mzee alipunguza bei kwa ajili ya zile shoki. Mama akauliza swali ambalo huuliza kila mara kabla pesa haijatoka.

"Na mama wa nyumba amekubali?"

Mke wa mzee alinyoosha mgongo. "Iende. Imetufanyia kazi. Lakini kamba inabaki."

Mzee akanikabidhi ufunguo mmoja. Wa pili, uliofungwa kwenye ukanda wa ngozi, akautia mfukoni.

"Baba, na huo mwingine?"

"Hii ni kamba, mwanangu. Hatuuzi kamba. Gali nenda nayo na balaka zote."

Jambo la kumi na tisa kwenye orodha yangu lilikuwa limeandikwa kwa herufi nzito: chukua funguo zote. Gari lenye ufunguo kwa mtu mwingine si lako. Nikasema hapana. Nilisema kwa heshima, lakini nilisema mara tatu. Mzee aliumia, niliona usoni. Alifanya kazi ya serikali miaka yote bila doa, na sasa msichana wa mayai anamwona mwizi. Mkewe alisema kwamba gari na ng'ombe wamelala ubavu kwa ubavu miaka mingi, na bahati yao ni moja, hawezi kuitoa nje ya boma kwa pesa. Nikamgeukia mama anitetee. Mama alikuwa akitazama kikombe chake.

"Wana haki yao," akasema.

Nilihisi kama nimeachwa kituoni. Wiki tatu mama alikataa magari kwa sababu ya radi na karanga, na leo, kwa jambo la maana kabisa, anasimama na wenye gari. Nilirudisha simu mfukoni pamoja na pesa yote iliyokuwamo. Zilikuwa zimebaki siku sita. Nilijua kuwa nikitoka kwenye boma lile bila gari nimetoka chuoni. Lakini ufunguo sikuwa tayari kuuacha, maana mzee ni mwema, je, wajukuu? Je, mwizi akiingia kwake? Nilisimama uani nikilitazama gari lile baya, nikaona haya kwamba tayari nimelipenda.

Ndipo nikafikiri kama mama, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa yamekwisha. Kamba ya ng'ombe ni nini? Ni kitu cha kumvutia. Nilifungua buti, nikainua tairi la akiba. Chini yake kulikuwa na kamba ya katani, nene, imekakamaa kwa matope makavu.

"Baba, gari hili likikwama mlikuwa mnalivuta na nini?"

"Na hiyo. Tlekta inavuta."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Basi kamba yake si ndiyo hii? Ufunguo ni mdomo wake tu. Nanyi hamuuzi ng'ombe mkabaki na mdomo."

Mzee aliipokea kamba kwa mikono miwili, akaipima uzito. Kisha mkewe akapiga vigelegele, ng'ombe akashtuka zizini. Ufunguo wenye ukanda wa ngozi ulitua kiganjani mwangu bado una joto la mfuko. Nikalipa. Mzee aliweka mkono juu ya boneti akaomba dua ndefu iliyotaja kila kona kati ya Bungoma na Kitale. Mkewe akaitundika kamba zizini, kando ya kamba za ng'ombe waliouzwa zamani.

Njiani nilijisifu. Nilimwambia mama kwamba nimemaliza kesi ambayo wazee watatu walishindwa. Mama alitazama nje ya dirisha, lile linalofunguka.

"Na wewe likikwama utalivuta na nini?"

"Nitanunua nyingine, Mama. Kamba ni kitu cha kukosa?"

Sikununua. Machi yote ilikuwa kavu, nami nilikuwa nakimbia. Mayai yalifika asubuhi, mazima, mpishi mkuu akaanza kuniita mwanangu, na shule ile ya pili ikaongeza oda mpaka kuku wetu wakashindwa. Ikabidi nichukue mengine kwa mama mmoja mfugaji wa Ndalu. Pesa zote zilikwenda kwenye karo. Lilibaki fungu moja la mwisho, na siku ya mwisho ya kulipa na kujisajili kwa mtihani ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Mpishi mkuu angenilipa Ijumaa hiyo hiyo, nikifika na mayai.

Mvua ilianza Alhamisi. Ijumaa saa mbili asubuhi, nikitoka kwa yule mama wa Ndalu na trei arobaini, gari liliingia kwenye tope la barabara mpaka tumboni, likatulia.

Trekta ilipita. Dereva akasimama, mwema kabisa.

"Toa kamba nikuvute."

"Sina."

"Gari ya huku haina kamba? Ati uliiuza?"

"Kamba haiuzwi," nilimjibu. "Niliiacha kwa mwenye gari."

Alinielewa mara moja, ndiyo maana alicheka mpaka akashika usukani. Lakini yake ilikuwa imekatika wiki iliyopita, akaniombea heri akaenda zake. Nilibaki barabarani na mvua, na busara yangu yote ya siku ile bomani kwa mzee.

Sikulia safari hii. Nilivua viatu. Nilitoa trei moja moja, nikazibeba hadi kwenye majani ya juu, nikazifunika kwa turubai. Nilirudi kwa yule mama mfugaji nikamwomba jembe na mabua ya mahindi. Mabua yalikuwa chakula cha ng'ombe wake, na alinipa mzigo mzima, kisha akaja nao mwenyewe. Nilichimba mbele ya kila gurudumu. Tukatandika mabua. Jaribio la kwanza lilitupaka tope usoni. La pili lilizamisha gurudumu la nyuma. Nikachimba tena, mikono ikatoka malengelenge, nikiliambia gari kwa sauti kwamba hatukuuza mtamba ili lije kulala Ndalu. Mara ya tatu lilitambaa, likashika, likatoka. Nikapakia trei arobaini upya. Mbili zilikuwa zimevunjika.

"Mayai yako ni safi kuliko wewe," mpishi mkuu alisema saa saba mchana, akanilipa papo hapo. Saa kumi kasorobo nilikuwa kwenye dirisha la ofisi ya karo. Karani alishika karatasi yangu kwa vidole viwili kwa sababu ya tope, akaipiga muhuri. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi na miguu mitupu. Nilikuwa bado mwanafunzi.

Kesho yake nilikwenda nyumbani Endebess. Nilimsimulia mama yote, pamoja na dereva wa trekta, nikingoja anicheke, maana ilikuwa haki yake. Hakucheka. Aliingia jikoni akatoka na kamba kutoka kwenye ule msumari, akaelekea kwenye gari.

"Mama, hiyo si ni ya mtamba?"

"Ni yake. Huko Kachibora amezaa juzi. Jike."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, mgongo umenielekea, akihangaika na buti asilojua kulifungua. Nilimfungulia.

"Si ulisema kamba haitoki bomani?"

"Imetoka wapi?" Aliikunja vizuri chini ya tairi la akiba, akaisukuma kwa kiganja ikae. "Kamba inakaa na mwenye ng'ombe. Ng'ombe wako si huyu?"

Kisha akainama, akatazama udongo chini ya injini, akaugusa kwa kidole, akaingia ndani kupika chai.